Trekta Dogo Likishindwa Kuinua Zana: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Pampu

Msimu wa kuvuruga majaruba ya mpunga unapoanza, iwe Mbarali nchini Tanzania au Mwea nchini Kenya, lalamiko linalosikika sana kwa wenye matrekta madogo ya Kijapani ya mtumba ni kwamba mikono ya nyuma inayobeba zana inainuka polepole, au haiinui kabisa rotaveta (zana ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo) iliyoshika tope. Mara nyingi hukumu hutolewa palepale shambani kwamba pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kuinulia, imekufa, na mwenye trekta huingia gharama ya kununua pampu nyingine ambayo, ikishafungwa, huinua kwa uvivu uleule. Upotevu huo unaniuma, kwa kuwa fedha hizo zingeweza kununua mbolea ya msimu mzima, na kwa kuwa chanzo halisi mara nyingi ni oili au chujio.

Kabla ya kufungua chochote, teremsha zana hadi chini, zima injini, kisha sogeza wenzo wa kuinulia mbele na nyuma ili presha iliyobaki itoke. Mtu yeyote asiingie chini ya zana iliyoshikiliwa na oili peke yake. Iwekewe magogo au stendi imara. Unapotafuta uvujaji, usipapase hozi kwa mkono, bali pitisha kipande cha boksi kando yake. Oili yenye presha hutoboa ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, na aliyepatwa na jeraha hilo lazima afikishwe hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu, kwa sababu oili huendelea kuharibu nyama ndani.

Kwanza tenganisha uvivu na udhaifu. Mwendo wa mikono hutegemea kiasi cha oili ambacho pampu husukuma kwa dakika, ilhali nguvu ya kuinua hutegemea presha ambayo oili hiyo hufikia kabla haijapata upenyo wa kutorokea. Trekta linalopandisha rotaveta hadi juu, ila kwa kukokota, kwa kawaida linapungukiwa na oili inayofika. Lile linalopandisha mikono mitupu upesi na kugoma zana inapofungwa linapungukiwa na presha. Kumbuka pia kwamba pampu ya gia inayotoa lita 20 kwa dakika injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika itatoa takriban lita 10 tu injini ikishushwa hadi 1,250, kwa hiyo dereva anayeinua zana injini ikiwa sailensa, yaani kwenye mizunguko ya chini kabisa, ataona uvivu ambao si ugonjwa. Pandisha hadi mizunguko 1,500 au 2,000 ndipo uhukumu. Vilevile linganisha uzito wa zana na uwezo ulioandikwa kwenye kitabu cha trekta, ukiangalia kama uwezo huo umepimwa kwenye ncha za mikono au sentimita 61 nyuma yake, kwa kuwa kadiri mzigo unavyokaa mbali ndivyo uwezo unavyopungua.

Sasa njoo kwenye oili, na hapa usiharakishe. Katika matrekta mengi madogo, oili ya gia na oili ya haidroliki ni moja, inakaa kwenye boksi la gia na difu (gia za ekseli ya nyuma), na pampu hufyonza kutoka humo. Pima kiwango trekta likiwa mahali tambarare, injini imezimwa na zana iko chini, kwa sababu zana ikiwa juu sehemu ya oili iko ndani ya silinda na kijiti kitakudanganya. Kisha itazame rangi yake. Oili iliyogeuka kuwa kama maziwa au chai ya maziwa imeingiwa na maji, jambo la kutarajiwa kwa trekta linaloshinda ndani ya jaruba likiwa na sili za ekseli zilizochoka. Imwage yote, rekebisha sili, kisha ujaze upya, maana oili mpya bila kuziba mlango wa maji itadumu wiki chache tu. Oili yenye povu inaonyesha kwamba hewa inafyonzwa mahali fulani. Oili nzito ya injini, ambayo baadhi ya watu huijaza kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, hupita kwa shida kwenye chujio asubuhi ya baridi. Tumia oili ya trekta inayotajwa kwenye kitabu, ile inayofaa gia, breki za ndani ya oili na haidroliki kwa pamoja.

Chujio la upande wa kufyonza ndilo ninalolishuku kuliko kitu kingine chochote. Likiziba kwa vumbi la chuma, nyuzi za kitambaa au utelezi wa oili iliyochanganyika na maji, pampu hukosa cha kusukuma na huanza kulia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, hasa oili ikiwa baridi. La wavu huoshwa kwa dizeli safi na kukaushwa. La karatasi hubadilishwa. Ukilitoa, angalia oringi zake na za bomba linaloelekea kwenye pampu. Oringi iliyokauka upande huu haivujishi oili nje hata tone, inavuta hewa ndani, na ndiyo maana wengi huipita bila kuiona.

Yakiwa haya yote yako sawa, tafuta tatizo liko upande gani. Kama trekta lina tela la kubinua, lijaribu pia. Tela na mikono vikidhoofika pamoja, kosa liko kwenye sehemu wanazoshirikiana, yaani ufyonzaji, pampu au valvu ya kuachia presha (ile inayofunguka presha ikifika kikomo); kikidhoofika kimoja tu, mtuhumiwa ni valvu yake, silinda yake, au kiungio cha hozi ambacho hakikuingia hadi mwisho.

Kwa mikono ya nyuma kuna jaribio zuri lisilohitaji kifaa chochote. Inua zana, acha wenzo juu, zima injini, na usimame pembeni. Zana ikishuka yenyewe kwa haraka, iinue tena, kisha funga kabisa kifundo cha kupunguza mwendo wa kushuka, ambacho kwa kawaida kiko chini ya kiti upande wa mbele. Pale ambapo kifundo hicho kimekaa kati ya valvu ya wenzo na silinda, zana ikitulia baada ya kukifunga, uvujaji uko kwenye valvu. Ikiendelea kushuka, sili ya pistoni ya silinda imechoka. Mikono inayoshuka kidogo na kujirudisha juu kila baada ya sekunde chache injini ikiwa inafanya kazi inatangaza uvujaji huohuo wa ndani.

Hatua inayofuata inahitaji geji ya presha na fundi anayeijua. Ifungwe kwenye tundu la kupimia, oili ikiwa na joto la kazi, na presha isukumwe hadi valvu ya kuachia ifunguke kwa sekunde chache tu. Matrekta madogo mengi hufungulia kati ya bar (kipimo cha presha) 140 na 170, lakini kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha trekta lenyewe. Presha ikiwa kamili, pampu na valvu hiyo havina kosa la nguvu. Ikiwa chini, fungua valvu ya kuachia kwanza, kwa kuwa chembe moja ya uchafu kwenye kikalio chake au springi iliyolegea hutosha kuiba nguvu yote. Usiikaze valvu hiyo bila geji. Nimeona nyumba ya silinda iliyopasuka kwa namna hiyo, na kuipata nyingine haikuwa rahisi. Valvu ikiwa safi, na presha ikazidi kuporomoka kadiri oili inavyopata joto, hapo pampu imelika kweli na kuibadilisha ni halali.

Pampu mpya ijazwe oili kabla ya kufungwa, injini iwashwe kwa mizunguko ya chini, na mikono ipandishwe na kushushwa mara kadhaa bila zana hadi hewa itoke. Baada ya siku ya kwanza ya kazi pima tena kiwango cha oili, kisha utoe chujio uone pampu ya zamani iliacha vumbi kiasi gani ndani.