Usaili wa viza ya ndoa pale Gigiri

Dada, siku ukiitwa ubalozi wa Marekani, Nairobi, simu mwachie mtu, langoni haipiti. Beba pasipoti, vyeti halisi vya ndoa na kuzaliwa, cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya) na fomu I-864 ya mdhamini. Daktari aliyekupima kwa ajili ya viza akikupa bahasha iliyofungwa, usiifungue hata ukiwashwa mikono.

Ndani utachukuliwa alama za vidole, kisha uitwe dirishani, uinue mkono wa kulia na kuapa. Mlijuanaje? Harusini alikuja nani? Mimi niliulizwa shemeji zangu. Nikawataja mmoja mmoja hadi afisa akacheka. Usikariri majibu, na usilolijua sema hulijui. Picha chagua za mahari, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, kuliko selfi tupu za ufukweni Diani.

Ukipewa karatasi ya 221(g), yaani viza imezuiwa kwa sasa, usiangue kilio: mara nyingi kuna hati imepungua, ipeleke.

Na ikiwa ndoa haijatimiza miaka 2 unapoingia Marekani, utapata ukaazi wa masharti wa miaka 2. Ombi la kuyaondoa masharti hupelekwa katika siku 90 za mwisho za miaka hiyo.