Kumpima mzee kama bado anafaa kushika usukani

Ami ana miaka 74, na ujana wake wote kaendesha gari ya shamba ya Makunduchi. Wanawe waliniita Fuoni: "Kila wiki mkwaruzo mpya, hebu mpime." Kazi yangu mazoezi ya viungo. Natumia karatasi, penseli na saa ya kuhesabia sekunde. Programu za simu sizitaki, mzee akibabaishwa na kioo cha simu utadhani kababaika akili.

1. Zunguka gari kwanza. Ya Ami, mikwaruzo yote ilikuwa ubavu wa kushoto, na rangi ya geti imeganda mlangoni.

2. Macho. Asome namba ya gari kwa mita 20, mchana, na miwani yake. Kisha jicho moja moja.

3. Miguu na shingo. Atembee mita 3, ageuke, arudi, upesi awezavyo. Ikizidi sekunde 9, tia alama. Shingo igeuke pande zote mbili.

4. Saa, kupima akili. Hapa nilipoteza asubuhi nzima. Mzee anachora uso wa saa, anaweka namba zote, kisha akrabu zioneshe saa tano na dakika kumi. Ami alichora duara safi, akrabu fupi akaielekeza kwenye 5. Mimi nimesomeshwa iende 11. Nikamrudisha mara ya pili, ya tatu, 5 ile ile, na sauti yake inapanda. Nilishaanza kunong'ona na wanawe habari ya ufunguo. Karibu na adhuhuri akatazama mkononi: akrabu fupi inakaribia 6! Saa yake kaitega Kiswahili, jua likizama ni 12. Aliyefeli ni mimi.

Basi kabla ya penseli, mwambie akusomee saa yake ya mkononi. Tazama zaidi akrabu ndefu: dakika kumi ni kwenye 2, kwa saa yoyote ile. Akiipeleka kwenye 10 kwa kuwa kasikia "kumi", hapo pana wasiwasi. Na namba zikirundikana upande mmoja, vilevile. Lakini mchoro peke yake haumnyimi mtu gari, na kama penseli hajaizoea au mkono unatetemeka, usiuhesabu kabisa.

5. Dawa. Alete mfuko mzima, na piritoni ya mafua pia, maana inalaza. Anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, muulize sukari humshuka lini.

6. Barabarani. Njia ya Fuoni kwenda Mwanakwerekwe haina maana, anaijua hata usingizini. Mpeleke mitaa asiyoizoea, akate kulia mbele ya magari yanayokuja, aingie kipilefti chenye vespa. Wewe nyamaza. Mwalimu wa udereva mwenye gari ya breki mbili ni bora kuliko mwanawe aliyeshikilia mlango.

Ami alifanya vizuri mchana. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, nalo hupasuliwa. Mpaka hapo ufunguo anao, ila ikishaadhiniwa Magharibi anaendesha mjukuu.