Kabla hujawapeleka watoto kuosha dhahabu Coloma

Kama unaishi Sacramento au maeneo ya jirani na unatafuta pa kuwapeleka watoto wikendi, Coloma ni kama saa moja tu kwa gari. Ndipo James Marshall alipookota dhahabu tarehe 24 Januari 1848 na California yote ikapagawa, na leo ni hifadhi ya jimbo ambapo familia zinaruhusiwa kushuka mtoni kuosha mchanga. Lakini jamani msiende kichwa kichwa.

Kubwa kuliko yote ni maji. Ule mto, American River tawi la kusini, unateremka kutoka kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada, kwa hiyo hata Julai jua likiwa linachoma kweli maji bado ni ya kukata miguu, halafu huko juu kuna bwawa la Chili Bar, wakifungulia kwa ajili ya watu wa maboti ya mpira mto unapanda na lile jiwe kavu ulilokalia asubuhi unalikuta limefunikwa. Laifu jaketi kila mtoto, hata anayejua kuogelea, na maji yasipite magoti. Na mtu mzima mmoja kazi yake iwe watoto tu, karai la kuoshea mchanga asishike kabisa. Hili watu wanalipuuza sana, maana ukishaanza kuzungusha karai macho yote yako kwenye mchanga, unakuja kuinua kichwa muda umeenda na hujui mtoto yuko wapi. Peaneni zamu. Mwezi wa tano na wa sita theluji inayeyuka kwa wingi, kama mna wadogo mimi nasema subirini kwanza.

Sheria ya pale ni mikono na karai tu. Koleo, sururu, pampu, vyote viacheni nyumbani, na mnaosha sehemu iliyotengwa, sio popote, so piteni kwanza kituo cha wageni muulize. Ndugu zetu waliokulia Geita au Chunya hapa wavumilie, hakuna kuchimba ukingo.

Karai nunueni la plastiki, kijani au jeusi ili dhahabu ionekane, lenye vingazi upande mmoja, yaani vijistari vya kunasa dhahabu. Watoto wapeni la inchi 10 kwa sababu kubwa likijaa mchanga na maji mikono yao haiwezi. La chuma jipya linakuja na mafuta ya kiwandani na punje ndogo za dhahabu zinaelea juu ya mafuta zinaondoka na maji, sasa si hasara hiyo?

Siku moja kabla, wafundisheni nyumbani kwenye beseni, mchanga na vinati vidogo vya chuma. Unatikisa karai likiwa limezama, tena utikise haswa, ndipo unaliinamisha kidogo kidogo maji yabebe mchanga wa juu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga wa kawaida hata mara 3 haufiki, ukitikisa vizuri yenyewe inakaa chini na mchanga mweusi, ambao nao ni mzito. Wengi wanakimbilia kuinamisha, wanaimwaga. Na waambieni ukweli mapema kwamba watapata vichembe, wasitegemee mabonge. Wakiona kinachometameta wakitie kivuli kwa mkono, dhahabu inabaki njano, ulanga (mica, yale madini ya kung'aa yanayofanana nayo) unazima.

Zebaki nayo. Ni sumu, wachimbaji wa zamani waliitumia sana kunasia dhahabu na nyingine bado iko kwenye tope la mito ya huko, kwa hiyo mkiona tone la rangi ya fedha kwenye karai msiliguse, na msije mkapasha moto nyumbani chochote mlichookota. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chapati kutoka kwenye hotpoti.

Vingine ni vya kawaida: viatu vya kufunga sio ndala maana mawe yanateleza, kofia, maji ya kunywa mengi, hela ya kiingilio cha gari. Vichakani msiwaache watoto wazurure, kuna nyoka wa njuga na kuna mmea wa majani matatu matatu, poison oak, unawasha wiki nzima. Bebeni na kichupa chenye mfuniko unaobana cha kuwekea vichembe, kila mtoto na chake, la sivyo mtagombana kwenye gari.