Breki ya diski inayolia kwenye pikipiki ya zamani

Naandika somo hili kwa sababu swali la breki inayolia hurudi kila wiki, na wengi hukimbilia sokoni Darajani kununua pedi mpya (vipande vinavyobana diski) wakati kilichokwama ni pini za kalipa, yaani kishikio cha pedi hizo.

Sikiliza kwanza. Mlio mwembamba ni wa pedi zinazotetemeka. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake pedi zimekwisha, na pikipiki hiyo isitembee.

Fungua kalipa, toa pedi. Unene wake ukibaki chini ya milimita 2, badilisha. Pima na diski, kwani unene wake wa chini kabisa unaoruhusiwa umegongwa juu yake.

Sasa pini. Kalipa nyingi za zamani huteleza juu ya pini mbili, na mpira wa kuzuia vumbi ukipasuka, hewa yetu ya chumvi huingia ikazitia kutu, kalipa ikakwama, na pedi moja ikalika upesi kuliko mwenzake. Chomoa pini, ifute, kisha ipitishie ukucha: ukihisi vishimo, nunua nyingine. Paka grisi ya silikoni, kidogo tu. Tafadhali msitumie grisi ya beringi, kwa sababu huuvimbisha mpira na pini hukwama tena, wala grisi yoyote isiguse pedi au diski.

Rudisha pistoni, ile inayosukuma pedi, taratibu huku ukitazama mafuta ya breki yasifurike kwenye kikopo chake, maana hula rangi. Kabla ya kupanda, bonyeza mkono wa breki mpaka uwe mgumu. Asiyefanya hivyo ataivuta njiani isishike.

Swali: Nimetia oili kidogo kwenye diski na kelele imekwisha. Ni sawa?
Jibu: Si sawa hata kidogo. Pedi zimeshanyonya oili. Zitupe, safisha diski kwa dawa ya breki, na usiipande kabla ya hapo.

Swali: Kwa hiyo ninunue pedi tu?
Jibu: Somo limejibu. Lisome.

Swali: Sheikh, niko Paje. Asubuhi breki hukwaruza mara mbili tatu kisha hunyamaza. Kwa nini?
Jibu: Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Umande wenye chumvi huacha kutu nyembamba juu ya diski, na pedi huifuta unapoanza safari. Huo si ubovu. Ukipita ufukweni, suuza kwa maji ya kisima, ila usiyaelekeze kwa nguvu kwenye mipira ya pini.

Swali: Shukran. Na mafuta ya breki yakiwa meusi?
Jibu: Yabadilishe, na hata yasipokuwa meusi yabadilishe kila miaka 2, kwa kuwa hufyonza unyevu. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo. Kikisema DOT 4, usitie DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki nayo.