Doa la oili lililozeeka kwenye sakafu ya zege

Wenye gereji na wenye kuegesha gari uani hapa Dodoma, msimwage petroli juu ya doa la oili. Inaweza kuwaka, na tena inaiyeyusha oili na kuipeleka ndani zaidi. Maji ya betri nayo hayafai kabisa: yanakula saruji, oili inabaki palepale.

Zege lina vitundu vidogo mno, na oili ya zamani imekwishajificha humo. Ndiyo maana ukisugua leo pakang'aa, kesho doa linarudi. Inabidi uivute itoke.

Kwanza kwangua utando mgumu wa juu. Mwagia maji ya moto yenye sabuni ya unga na magadi kidogo, acha kama nusu saa, kisha sugua kwa brashi ngumu isiyo ya chuma, kwani nyuzi za chuma zikibaki huleta kutu. Suuza.

Sasa kazi yenyewe: changanya sabuni ya unga, udongo wa mfinyanzi mkavu uliochekechwa na maji, upate uji mzito. Paka unene wa kidole, funika kwa nailoni usiku mzima. Usiache kufunika, maana upepo wetu wa kiangazi unaukausha kabla haujafanya kazi. Asubuhi funua, ukauke, ukwangue. Doa la miaka linataka mara mbili au tatu.

Vaa glavu. Udongo ule uliobeba oili usiutupe karibu na bustani wala mtaroni, tafadhali.