Kupima uharibifu wa DNA kwa seli za samaki: jaribio la kometi hatua kwa hatua

Huhitaji kuua samaki ili ujue kama kemikali inakata DNA yake. Katika jaribio la kometi, umeme huvuta DNA iliyokatika itoke kwenye kiini cha seli, nayo huonekana kama mkia wa kometi (nyota yenye mkia). Seli za RTG-2, zilizotokana na tezi za uzazi za samaki aina ya trauti na kutangazwa mwaka 1962, zinaoteshwa maabara hadi leo. Kazi ngumu ni kuhakikisha mikato unayoiona imeletwa na kemikali, si na mikono yako.

1. Chagua seli. RTG-2 ni rahisi kutunza. Lakini kemikali kama benzo(a)pireni haiidhuru DNA mpaka vimeng'enya viibadilishe kwanza. Kwa kemikali za namna hiyo napendelea RTL-W1, seli za ini la trauti zenye kimeng'enya CYP1A kinachofanya mabadiliko hayo. Ukikosea hapa, sumu itaonekana salama.

2. Otesha. Tumia mchanganyiko wa virutubisho uitwao L-15 wenye seramu (majimaji ya damu) asilimia 10, kwa nyuzijoto 18 hadi 20. L-15 haitaki kaboni dayoksaidi. Kabati la nyuzijoto 37 la seli za binadamu litaziua.

3. Pima uhai kwanza. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoharibu matokeo mengi. Seli inayokufa huikatakata DNA yake yenyewe, na mkia wake unafanana na wa seli iliyodhuriwa na kemikali. Chagua viwango vinavyobakiza hai angalau asilimia 75 ya seli. Weka pia kundi lililopewa kiyeyushio cha kemikali yako peke yake, na jingine lililopewa haidrojeni peroksaidi, ambayo hukata DNA, kwa dakika 5 kwenye barafu. Hili la pili lisipoonyesha mikia, usiamini chochote ulichopata siku hiyo.

4. Andaa slaidi. Zipake agarosi (jeli itokanayo na mwani) ya kawaida, zikauke. Vuna seli kwa tripsini, kimeng'enya kinachozibandua, kwa upole, kisha fanya kila kitu kwenye barafu na taa hafifu, maana mwanga mkali hukata DNA na joto huziacha seli zikiikarabati. Changanya seli na agarosi ya kuyeyuka kwa joto dogo ikiwa na nyuzijoto 37, si zaidi, umwage na ufunike kwa kioo chembamba. Ikishaganda, telezesha kioo pembeni. Ukikiinua wima, jeli itang'oka nacho.

5. Pasua seli. Zamisha slaidi kwenye maji ya chumvi nzito, EDTA (kemikali inayonasa metali) na Triton (aina ya sabuni) yenye pH 10, kwa nyuzijoto 4, angalau saa moja.

6. Fungua na uvute. Ziloweke dakika 20 katika sodiamu haidroksaidi ya molari 0.3 yenye EDTA, pH zaidi ya 13, halafu pitisha umeme wa takribani volti 0.7 hadi 1 kwa sentimita kwa dakika 20 hadi 30. Slaidi zote za jaribio moja ziende pamoja.

7. Soma. Rudisha pH hadi 7.5, tia rangi, tazama kwa hadubini ya flurosensi. Seli nzima ni duara lenye ukingo mkali. Iliyodhurika ina kichwa kilichofifia na mkia uliotawanyika kuelekea upande chanya. Pima asilimia ya DNA iliyo mkiani, bila kujua slaidi ni ya kundi gani. Katika takwimu, linganisha marudio ya jaribio, si seli moja moja. Ukizihesabu seli 150 kama majaribio 150, hata tofauti isiyo na maana itaonekana ya kweli.