Prado au CX-8: gari la siti saba kwa nyumba ya Malindi

Mimi ni mtu wa Malindi, mtaa wa Barani, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Brescia, Italia. Mwaka jana nyumbani walianza kuniulizia gari. Si gari la mtu mmoja, ni gari la nyumba: mama na magoti yake, bibi, ami yangu, dada na watoto wake wawili, na mtoto wa jirani ambaye siku hizi hata hatumhesabu kuwa wa jirani. Kaka akanitumia picha ya Prado nyeupe imesimama katika yadi moja ya Mombasa, chini yake maneno mawili: "Hii hapa." Nikampigia mama nimuulize yeye anataka gari gani. Akasema, "Lolote mwanangu, mradi nisipande kama napanda mnazi."

Hapo hesabu yangu ikaanza upya, na nimeiandika hapa kwa aliye nje ambaye naye ameshatumiwa picha ya Prado nyeupe.

Tulimalize kwanza la usukani. Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto, kwa hiyo gari zuri unaloendesha Italia, Ujerumani, Dubai au Minnesota, hata kama ni la siti saba na umeshalilipa lote, litabaki huko huko. La pili ni umri: gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ukinunua mwaka 2026, tafuta lililosajiliwa 2019 kuja mbele. Na likaguliwe kabla halijapakiwa melini. Gari lililozidi umri halina wa kulitetea bandarini, hata umjue nani.

Anayerudi nyumbani kuishi ana mlango wake. Akiwa amekaa nje angalau miaka miwili, na gari amelimiliki na kulitumia huko angalau miezi kumi na miwili, anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja. Mwenye la usukani wa kushoto anaweza kuliuza akaleta la kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza. Lakini msamaha huo ni wa anayerudi, si wa anayemnunulia mama. Usikubali dalali akushawishi vinginevyo. Likigundulika unalipa ushuru wote, na gharama za gari kulala bandarini juu yake.

Basi kwa mfuko wa mtu anayetuma pesa kila mwezi, magari ya siti saba ya ukubwa wa kati kutoka Japani yaliyobaki mbele yangu yalikuwa mawili. Moja ni Toyota Land Cruiser Prado ya umbo la 150, iliyotoka 2009 na kuuzwa mpaka ile mpya ilipoingia 2024. (Hiyo mpya tuwaachie wenye nayo.) La pili ni Mazda CX-8, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2017 na kusimamishwa huko mwishoni mwa 2023.

Watu wengi huanzia kwenye injini. Mimi nilianzia siti ya nyuma kabisa, kwa sababu ndiyo tunayoilipia. Gari la siti tano ni rahisi kulipata. CX-8 ina urefu wa mita 4.90, Prado yenye sura ya 2017 kuja mbele ina mita 4.83 hivi. Tofauti hiyo si kitu. Lakini pima kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma: CX-8 ni mita 2.93, Prado ni 2.79. Hizo sentimita 14 ndizo nafasi ya magoti. Tena Prado imejengwa juu ya chesisi kama lori, sakafu yake iko juu, kwa hiyo anayekaa nyuma kabisa anakaa kama yuko kwenye kigoda, magoti yanakaribia kidevu. Watoto hawajali. Ami yangu, mrefu kama mlingoti, alijaribu mara moja akatoka akicheka. Mazda siti ya tatu waliipima kwa mtu wa sentimita 170. Si kwamba atastarehe mpaka Nairobi, lakini mpaka Mombasa anafika bila kulalamika.

Kuna mtego hapa, nusura niingie mimi mwenyewe. CX-8 nyingi ni za siti sita, mbili mbili mbili, na Prado nyingi za Japani ni za siti tano. Katika picha ya tangazo huwezi kujua. Omba picha ya siti zote zikiwa zimesimamishwa, uhesabu mwenyewe, kisha utume pesa.

Kupanda sasa. Tumbo la Prado liko sentimita 22 kutoka ardhini na la CX-8 sentimita 20, na ukisoma namba hizo utadhani ni mamoja. Sivyo. Pa kukanyaga unapoingia ndipo panapotofautiana, na kwa mwanamke mwenye buibui na magoti ya miaka sitini na nane, kuingia Prado ni shughuli ya kushikwa mkono. Nilimwomba kaka ampeleke mama Mombasa, akae katika kila siti ya kila gari, bila kuambiwa lipi bei gani. Kaka alinuna, lakini alimpeleka. Ukiweza kufanya jambo moja tu katika haya ninayoandika, fanya hilo. Video ya muuza gari haina magoti.

Mlango wa nyuma nao una maneno yake. Wa Prado unafunguka kando, kama mlango wa nyumba. Ukiegesha karibu na soko halafu tuktuk ikakubana nyuma, mlango haufunguki. Unabaki kufungua kioo chake na kupitisha vikapu dirishani. Wa CX-8 unapanda juu na kukupa kivuli. Wote saba wakiwa wameketi, buti la Prado ni la mifuko michache ya sokoni, la CX-8 ni la sanduku moja au mawili madogo. Safari ya harusi yenye masufuria, katika yote mawili, fikiria kichanja cha juu.

Sasa barabara, na hapa Prado inaanza kurudisha pesa zake. Swali la kuuliza nyumbani ni hili: mwezi uliopita gari lingekwenda wapi? Kwetu jibu lilikuwa sokoni, hospitali, shule, Watamu kwa dada, Gede msibani, Mombasa mara mbili. Yote lami. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na adui wa barabara hiyo ni malori na matuta. CX-8 inatosha na kubaki. Tahadhari ni moja: ikijaa watu saba inashuka nyuma, na kwa urefu wake itapiga tumbo kwenye tuta ambalo Prado inalipita bila habari. Dereva ajifunze kupanda tuta kimshazari.

Lakini kama shamba lenu liko Marafa, au ndugu wako ndani ya Magarini, au kazi inakupeleka njia ya Kakoneni hadi geti la Sala la Tsavo Mashariki, usinisikilize tena; chukua Prado. Inavuta magurudumu yote manne muda wote, ina gia ya chini ya kutokea kwenye tope, na masika huko yanajua kumnyenyekeza mtu. CX-8 ya kuvuta manne ipo, lakini ni ya theluji ya Japani na mchanga mwepesi.

Wenye watu Lamu huniuliza sana. Njia ya Minjila, Garsen na Witu mpaka Mokowe sasa ni lami, na Mokowe gari unaliacha, unapanda boti. Mafuriko ya Mto Tana mwishoni mwa 2023 yalikata barabara hiyo kule Gamba, na siku zile mwenye Prado na mwenye Probox walisimama mahali pamoja.

Kodi ndiyo iliyonishtua kuliko vyote, kwa sababu wengi hawajui kwamba injini inaibadilisha. Mamlaka ya mapato haihesabu kwa bei uliyolipa Japani. Ina orodha yake ya bei, inayopunguzwa kwa umri wa gari. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT asilimia 16, na ada mbili ndogo za asilimia 2.5 na 2. Ushuru wa bidhaa ndio wa kuchunga: gari la zaidi ya cc 1500 hutozwa asilimia 25, lakini dizeli inayozidi cc 2500 hutozwa 35. Prado ya dizeli ni cc 2800. CX-8 ya dizeli ni 2200. Kwa viwango hivyo, kila shilingi 100 za thamani ya forodha ya CX-8 au ya Prado ya petroli ya 2700 zinakutoza kodi kama shilingi 100 nyingine. Za Prado ya dizeli zinakutoza karibu 116. Weka milioni badala ya mia, uone. Viwango hubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo mwombe wakala wako wa forodha hesabu ya maandishi kabla hujalipa Japani.

Na hiyo dizeli yenyewe, kwa nyumba ya mjini, mimi siitaki katika gari lolote kati ya haya. Injini za kisasa za dizeli zina chujio la masizi kwenye ekzosi, linalojisafisha gari likikimbia masafa marefu. Gari linalotoka Barani kwenda sokoni na kurudi halipati nafasi hiyo. Chujio linaziba, taa zinawaka, na fundi anaanza kukupigia simu Italia. Prado ya dizeli ya Japani inahitaji pia maji ya AdBlue, ya kusafisha moshi wa ekzosi, na yakiisha ukazima gari haliwaki. Anayekwenda Mombasa kila siku mbili, hayo hayamhusu, na nguvu ya dizeli ataifurahia.

Petroli kwa petroli, mambo ni wazi. Prado ya 2700 ina nguvu za farasi 163 na inaburuta zaidi ya tani mbili. Kulipita lori la chumvi kutoka Gongoni unaanza kwa bismillahi. CX-8 ya 2500 isiyo na turbo ina 190 na ni nyepesi. Kwa vipimo vya Japani Prado hiyo inakwenda kilomita 8 hivi kwa lita, CX-8 12 hivi. Nyumbani, kwa AC na watu saba, toa kidogo kote.

Basi mbona kila mtu anataka Prado? Kwa sababu kila fundi kutoka Maweni hadi Garsen ameshaifungua, spea zake zimejaa, na siku ukiiuza wanunuzi watapanga foleni. Hilo si jambo dogo, na kaka alikuwa na haki. CX-8 inajitetea kwa kuwa injini zake ni zile zile za CX-5, ambazo Kenya zimejaa. Tabu ni vitu vya bodi: taa ya nyuma ikivunjwa na bodaboda, utaisubiri.

Kutu pia uiwazie tukiwa watu wa bahari. Karatasi ya mnada ya Japani, inayoeleza hali ya gari, huweka herufi S penye kutu ya juu na C penye kutu iliyokula chuma. Gari la mikoa ya theluji, ambako barabara humwagwa chumvi, huja na zote mbili tumboni. Ukilipeleka Malindi, upepo wa kusi unamalizia kazi. Omba picha za chini ya gari, na kwa Prado macho yawe kwenye chesisi. Na nyumbani walioshe kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho, si ya kisima cha uani chenye chumvi. Tumbo lioshwe pia, si bodi peke yake.

Mwisho ni makaratasi. Gari liandikwe kwa jina la nani, liamue kabla meli haijatia nanga. Mimi niliandika langu, kwa PIN yangu ya kodi, na bima nikalipa mimi, kubwa, si ya mtu wa tatu. Dereva ni kaka na dada tu. Jambo hili lilileta baridi kidogo mezani wiki mbili, likapita. Nawajua wawili ambao hawakulisema mapema, na magari yao sasa yanabeba abiria wa Mambrui kwa nauli.

Tulichukua CX-8 ya petroli, siti saba, yenye magurudumu ya inchi 17 badala ya 19, maana matairi yake ni manene na bei nafuu. Ilipofika ndipo kaka alipofungua buti akanipigia: hakuna tairi la akiba. Nyingi za Japani huja na kikopo cha dawa ya kuziba pancha tu, wakati Prado inabeba tairi zima. Nilikuwa nimelisoma nikalisahau. Tumenunua moja Mombasa, na kwa safari za mbali linasimamishwa butini nyuma ya siti ya tatu, siti aliyojichagulia bibi kwa kuwa ni karibu na watoto. Kila wakifika Kilifi bibi hunipigia kuniambia linanuka mpira.